Barua kwa mwenzangu anayejiandaa kwenda wodini ugenini

Mpendwa mwenzangu,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeipata jana asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikaisoma miguu ikiwa bado ndani ya beseni la maji ya moto. Nimefurahi mno kusikia kwamba nawe umepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo nje ya nchi. Umeniuliza ujiandae vipi, na swali lako kubwa ni la mashine. Mashine utazizoea ndani ya wiki mbili, usizikoseshee usingizi. Mimi nilikwama kwingine kabisa.

Nilikwama kwenye kikombe cha maji. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Asubuhi wauguzi wa usiku walikabidhi zamu kwa kasi, kila sentensi ina vifupisho viwili vitatu, nami kila nikitazamwa naitikia ndiyo. Nusu sikuwa nimeelewa. Saa moja baadaye mzee mmoja akaniomba maji. Nikamjazia kikombe, nikamwinua mto, nikakisogeza mdomoni. Muuguzi wa kitanda cha jirani alinishika mkono kabla hajameza. Juu ya kitanda palikuwa na kibao chenye herufi tatu tu, maana yake mgonjwa huyu hali wala hanywi, anangojea upasuaji. Mtu akipewa dawa ya usingizi tumboni mna kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hilo tulisoma wote, nami nalijua usingizini. Nilichokosa ni herufi tatu, na ujasiri wa kusema "samahani, rudia, sijaelewa".

Aliyenishika mkono hakunigombeza. Aliniambia nikaripoti mwenyewe kwa msimamizi wangu, nikaenda huku natetemeka, na tukio likaandikwa kwenye fomu ingawa mzee hakumeza hata tone. Tangu siku hiyo natembea na kijidaftari mfukoni. Kila kifupisho nisichokijua nakiandika na kukiuliza kabla zamu haijaanza. Nakuomba sana, ndiyo yako iwe ndiyo kweli. Ukiitikia usichokielewa, anayelipa ni mgonjwa.

Jifunze pia lugha ya wagonjwa, si ya vitabu tu. Hakuna aliyewahi kuniambia ana kichefuchefu kwa neno lile tulilokariri darasani. Wana maneno yao ya nyumbani kwa haja ndogo, kwa kizunguzungu, kwa maumivu yanayochoma na yale yanayovuta. Mgonjwa asipoelewa lugha kabisa, omba mkalimani wa hospitali. Usimtumie mtoto wake. Binti hawezi kumtafsiria baba yake habari ya saratani bila kupunguza au kuficha kitu, na si haki kumtwisha mzigo huo.

Sasa nikupe la usiku mmoja, maana ndilo hasa lililonikalisha kitako nikuandikie.

Wodi yetu inatumia ile chati ya alama za hatari iliyotungwa na Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London mwaka 2012, wakairekebisha 2017. Kila kipimo kina alama zake kuanzia 0 hadi 3: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto, na kama mgonjwa ana fahamu zake. Mashine tunayoisukuma kutoka kitanda hadi kitanda inatoa presha, mapigo na oksijeni, na joto unapima kwa kifaa chake. Pumzi haihesabu. Pumzi zinataka macho yako na dakika yako nzima.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga siku mbili nyuma. Saa tisa usiku nikamfikia. Presha nzuri, mapigo 88, oksijeni 96, joto 37.4. Kwenye chati, safu ya pumzi ilisomeka 16, 16, 16, 16, mchana kutwa. Unakumbuka mwaka wa kwanza tulivyofundishwa kuendelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado tunahesabu mapigo, ili mgonjwa asijue tunatazama kifua chake? Nikafanya hivyo. Nikahesabu 27. Nikadhani nimekosea, nikaanza upya. Zikawa 27 tena, fupifupi, na mashimo ya juu ya mifupa ya bega yakididimia kidogo kila akivuta. Hakulalamika. Aliniambia amechoka tu.

Kuanzia pumzi 25 chati inatoa alama 3 kwa kipimo hicho kimoja, na alama 3 moja inatosha kuita mtu aje amwone mgonjwa haraka. Nikamwendea muuguzi kiongozi wa zamu, naye akaniambia nimpigie daktari mimi mwenyewe, yeye akiwa amesimama pembeni. Nilifuata ule mpangilio wa hatua nne ulioanzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani kabla ya kuingia hospitalini: hali ilivyo sasa, historia kwa kifupi, mimi naonaje, naomba nini. Hilo la nne ndilo gumu kwa mwanafunzi. Nilisema, "Naomba uje umwone sasa." Akaja. Ilikuwa nimonia inaanza. Asubuhi bibi alikuwa na oksijeni puani na dripu ya antibiotiki, akanipungia kidole nikiondoka.

Zile 16 zilizojipanga zinaniuma hadi leo. Naamini mtu aliona namba ya nyuma akainakili, kwa haraka ya kazi. Usiwe wewe. Na kile kibanio cha kidoleni usikitegemee peke yake, kwa kuwa kwa mwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo mwilini. Kifua hakidanganyi hivyo. Sisi tuliojifunza kwenye wodi zenye mashine chache tuna macho yaliyozoea kutazama, na hapa nimeona yanavyohitajika.

Mengine kwa haraka. Chanjo ya homa ya ini aina B ianze sasa hivi: dozi ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza, kwa hiyo ukichelewa hutamaliza kabla ya safari. Siku ya kwanza kabisa uliza: nikichomwa na sindano iliyotumika usiku wa manane, nampigia nani? Ikitokea, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, ripoti hapo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianza mapema, saa za mwanzo ndizo bora, na mwisho ni saa 72. Usione haya. Picha za wodini usipige hata moja, hata kama mgonjwa ndiye anayekuomba.

Halafu kuna hili ambalo hakuna atakayekuambia. Wapo watakaokuona una mikono mizuri wakuachie kazi usiyoruhusiwa: kudunga dawa ya mshipani bila msimamizi, kutia sahihi kwenye karatasi ya insulini kama mhakiki wa pili. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Niliwahi kuambiwa "fanya tu, utajifunza". Nikajibu kwamba nitafurahi kujifunza ukisimama hapa pembeni yangu. Alikunja uso, akaja, akasimama, nami nikajifunza kweli.

Usinunue saa ya mkononi. Hapa mikono inakuwa wazi toka kwenye kiwiko, bila saa wala bangili, ili tuweze kunawa vizuri. Tafuta ile ya kubandika kifuani, na hakikisha ina mshale wa sekunde. Yangu mshale wake umeanza kukwama kwenye 40, nitaibadilisha mwisho wa mwezi.

Niandikie tarehe ya dozi yako ya kwanza. Na uniambie ni wodi gani wamekupangia, nianze kukukusanyia vifupisho vyake.

Wako wa dawati moja