Kitabu kilichoshonwa kwa uzi mweusi

Kaloleni, Nairobi
Jumapili usiku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi dada yangu. Sisi huku tu wazima. Magoti ya mama yangu bado yanamsumbua ila sokoni anafika na kurudi. Natumai baba Rehema na watoto hawajambo. Najua nimenyamaza tangu tulipomzika Mwalimu Njoroge, na hata simu yako ya Idi sikuirudisha. Unisamehe. Nina jambo ambalo nikikuandikia kwenye meseji litakatika katikati, ndiyo maana nimekaa na karatasi.

Ni maktaba. Tangu Januari mimi ndiye ninayeisimamia hapa shuleni. Nilipokabidhiwa ufunguo nilikuta chumba kimejaa madawati mabovu na ngoma za bendi, na vitabu vya hadithi vimefungiwa kwenye kabati la chuma, vipya kabisa, kurasa bado zimegandana. Kipindi cha maktaba kiko kwenye ratiba, nusu saa kila wiki kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, lakini hesabu ilikuwa inakila. Hata mimi nimewahi kukila, sikufichi.

Tukaanza na tulichonacho. Nilifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tukavitundika vitabu kwa vibanio vya nguo, majalada yakitazama watoto. Mtoto wa miaka saba hachagui kitabu kwa kusoma mgongo wake, anamfuata fisi aliye kwenye picha. Kisha nikawafundisha vidole vitano: fungua ukurasa wowote, soma, kila neno usilolijua kunja kidole kimoja. Mkono ukiwa ngumi, kiache hicho, chukua kingine. Sasa nikipita katikati yao naona vimikono vimeinuliwa, wanajipima wenyewe kimya kimya, na hakuna anayeona haya kurudisha kitabu kilichomzidi.

Kila kipindi naanza na Paukwa, nao wanaitika Pakawa mpaka Gredi ya 4 wanatugongea ukuta. Nasoma kwa sauti, na hadithi inapokolea nafunga kitabu, fisi akiwa mlangoni. Wananililia! Mapumziko yakifika wanakimbilia kwenye kamba kutafuta yaliyobaki. Jumatano wanakuja wakubwa wa Gredi ya 6 kuwasomea wadogo, wawili wawili. Yule mvulana mrefu niliyekuambia habari zake, anayetusumbua kwenye mstari kila asubuhi, ungemwona amekunja miguu sakafuni anaigiza sauti ya kobe. Aliyekuwa anasomewa alikuwa amemlalia begani.

Sasa lililonikosesha usingizi. Muhula huu nilianza kuazimisha vitabu. Ijumaa mtoto anachukua kimoja, Jumatatu anarudisha, na daftari linaandikwa na wakutubi wadogo wawili, kila wiki zamu ya wengine. Wiki mbili zilizopita Barasa wa Gredi ya 2 hakurudisha Jumatatu. Hakurudisha hata Jumanne. Jumatano akaja kabla ya kengele, kitabu amekifunga ndani ya pakiti ya unga, akaniwekea mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Nikakifungua. Mdogo wake alikuwa amekichana katikati, kurasa tano zimetoka, na Barasa alikuwa amezishona. Uzi mweusi, Zuhura, mishono mikubwa inayopanda na kushuka, na fundo limefungwa mara tatu. Ukurasa wa 11 una alama ya uji. Nikamuuliza nani alikushonea. "Mimi, mwalimu. Mama alinishikia taa."

Nikamwambia anisomee. Huyu ni mtoto ambaye muhula wa kwanza alikuwa anajificha nyuma ya mwenzake nikitafuta msomaji. Alisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Pale uzi ulipopita juu ya maneno alisoma bila kusita, maana anayajua kwa moyo. Kumbe kila jioni alikuwa anamsomea mama yake ugali ukiiva. Mama mwenyewe hakusoma, lakini picha anazifuata, na anauliza, "Halafu?"

Naibu wa mwalimu mkuu alikiona kitabu kile juu ya meza yangu. Akakigeuza, akasema hii ndiyo sababu vilikuwa kabatini. Anataka kuazimisha kukome, vitabu visomwe humo humo chumbani na kuhesabiwa kabla watoto hawajatoka. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Yeye ndiye anayejibu wakija kukagua mali ya shule, na kitabu kikipotea jina lake ndilo liko kwenye karatasi. Vitabu 62 vimetoka tangu tuanze, vitatu havijarudi. Yeye anavitazama hivyo vitatu. Mimi najua 59 vimelala kwenye nyumba za watu na kurudi, na nyingi za nyumba hizo hazina kitabu kingine isipokuwa Biblia au Kurani.

Nimetafuta maneno ya kumwambia. Nimewakumbuka wale ngamia wa maktaba uliowaona ulipokuwa Garissa. Tangu 1996 wanabeba masanduku ya vitabu kupeleka kwa watoto wa wafugaji, watu wanaohama kufuata malisho, kwenye vumbi na jua lile, na bado watu wanaazima na kurudisha. Basi mtoto anayekaa hatua mia tatu kutoka lango la shule ndiye wa kuogopwa?

Na namkumbuka babu. Maktaba ya McMillan kule mjini ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Babu alikuwa tarishi mjini. Amepita mbele ya wale simba wa mawe mara ngapi, wala hakuwahi kujua ndani kukoje. Leo matawi yake mawili yako huku kwetu, Kaloleni na Makadara, watoto wanaingia. Halafu sisi wenyewe, walimu, tuweke kufuli upya? Hilo ndilo linaloniuma. Kitabu kilichochanika kinashonwa. Mtoto aliyezoea kwamba kitabu ni kitu cha kutazamwa kabatini, huyo nitamshona na uzi gani?

Nimeshaanza na cha kufanya. Kona moja ya chumba nimeipa jina hospitali ya vitabu: gundi, selotepu, sindano, uzi, mkasi. Barasa ndiye mganga mkuu. Anawafundisha wenzake kushona mgongo wa kitabu, na nimegundua kwamba mtoto akishatibu kitabu kimoja hakichezei tena kingine. Nimewaomba wazazi pakiti za unga safi, kila kitabu kisafiri ndani ya mfuko wake. Wengi wameleta. Na Jumamosi iliyopita nilishuka mjini kwenye vitabu vya inama, vile vya kando ya barabara, nikainama kweli mpaka mgongo ukalia, nikapata saba vya kufidia vile vitatu. Bei sitakwambia, utanigombeza.

Nina maombi mawili kwako. La kwanza, mikeka. Sakafu ya chumba kile ni saruji tupu na Julai hii baridi inawaingia watoto mifupani. Nitafutie mikeka mitano mikubwa ya miyaa kwa yule mama wa Kongowea, uipakie kwenye basi la usiku, nami nitaipokea asubuhi. Niambie bei, nitatuma kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. La pili, sauti ya mama yako. Ile hadithi ya binti na zimwi aliyotusimulia sote usiku ule umeme ulipokatika, tukalala tumekumbatiana, mrekodi kwenye simu unitumie. Nataka watoto waisikie kwa Kiswahili chake cha Mvita, kisha waichore na kuiandika wenyewe, tuishone iwe kitabu cha maktaba yetu.

Mkutano wa walimu ni Ijumaa saa nane. Nitakwenda na daftari la kuazima na kile kitabu chenye uzi mweusi, na nimemwomba mama yake Barasa aje, amekubali. Wewe ulipoanza kuazimisha pale Kisauni, ulimshawishi vipi mkuu wako? Mlikuwa mnawatoza wazazi kitabu kikipotea, au mliwaachia? Mama Barasa nimwache aseme mwenyewe, au nitamtia aibu mbele ya walimu? Na mama yako, bado anakumbuka ule wimbo wa zimwi katikati ya hadithi? Rehema amejifunza kusoma, au bado anakudanganya kwa kukariri picha? Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kama ni usiku wa manane piga tu.

Wako,
Achieng