Risala ya Wakulima Watunza Mbegu wa Kigumba kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa LC, yaani baraza letu la kijiji, ofisa kilimo wetu, viongozi wa dini, wazee wetu, mama zetu, na wakulima wenzetu mliotoka Bweyale, Kiryandongo na Masindi: tunawasalimu, na tunawakaribisha Kigumba katika siku yetu ya maonyesho ya mbegu.

Mheshimiwa, asante kwa kuitikia barua yetu. Kutoka Bungeni Kampala mpaka hapa si karibu, nawe umefika vijana wakiwa bado wanafunga turubai. Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha. Chini ya turubai hili wamekaa Wanyoro, Walangi, Waacholi, Waalur, Waluhya, pamoja na ndugu zetu waliokimbia vita Sudan Kusini na Kongo. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na wengi walikuja na mbegu zao pia, zimefungwa kwenye pindo la kitenge.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2014 na wanawake 11. Leo tuko 46, wanaume wakiwa 9. Kazi yetu ni kutunza mbegu za kienyeji na kukopeshana. Ukichukua kikombe kimoja, baada ya mavuno unarudisha viwili. Mezani utaona mahindi, mtama, wimbi, simsim, kunde, mbaazi, njugu mawe na maharage ya kila rangi.

Tunakuomba uyatazame kwa karibu yale mahindi yaliyoning'inizwa, yale yaliyosawijika kwa moshi. Mama anayeyatunza huingia shambani kabla ya mavuno na kutafuta mabua yaliyosimama imara, yenye gunzi lililojaa mpaka nchani, akayafunga uzi ili yasichanganyike na mengine. Akishavuna, anayasuka kwa maganda yake na kuyatundika juu ya mafiga, moshi uyakinge na fukusi. Siku ya kupukuchua, punje za kitakoni na za nchani zinakwenda kuwa unga wa posho. Za katikati tu ndizo mbegu. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, naye anamfundisha mjukuu wake, yule binti aliyekupokea kwa maua.

Mheshimiwa, tumekuita kwa sababu ya mbegu za GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Unafahamu kuliko sisi kwamba Bunge lilipitisha sheria yake Oktoba 2017, na Rais akairudisha bila kuitia saini. Miongoni mwa maswali yake alitaka kujua haki za jamii zilizotunza mbegu asilia zitakuwa wapi ikiwa anayepewa hatimiliki ya mbegu ni mtu mmoja, akatahadharisha pia kwamba mbegu za GMO zisichanganywe ovyo na za kienyeji. Novemba 2018 Bunge likaipitisha tena kwa jina jingine, safari hii ikiwa na kifungu kinachombebesha mwenye mbegu hasara itakayotokea, bila mkulima kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Mwaka 2019 ikarudishwa mara ya pili.

Tunapinga mbegu hizi kuingizwa mashambani mwetu katika hali hii. Tunasema wazi ili pasiwe na wa kutuelewa vibaya. Hatukuja kumtisha mtu kwamba chakula hicho ni sumu. Marekani wanakilima kibiashara tangu miaka ya 1990, na wanakila. Wala hatuwadharau watafiti wetu. Mnyauko wa migomba ulipoonekana Mukono mwaka 2001 na kusambaa, tuliona watu waking'oa shamba zima la matoke huku wakilia, kwa hiyo tunaelewa kwa nini pale kituo cha utafiti cha Kawanda walianza mwaka 2010 kujaribu migomba ya GMO ya kustahimili mnyauko huo, ndani ya uzio. Na tukubali ukweli mmoja: matoke hayatoi mbegu, mgomba huzaliwa kwa chipukizi, kwa hiyo hauwezi kuvamia shamba la jirani kwa upepo.

Mahindi ni habari nyingine kabisa. Mbelewele zikikomaa, ukipita shambani saa tatu asubuhi nguo zinajaa vumbi la njano. Vumbi hilo ndilo linaloangukia ndevu na kuzaa punje, na upepo hauulizi mpaka uko wapi. Hapa kwetu mpaka wa shamba na shamba mara nyingi ni mstari wa magugu. Jirani akipanda mahindi ya GMO, uzi ambao mama yule amefunga kwenye mabua yake hautamsaidia. Atachagua gunzi zuri, atalitundika motoni kama kawaida, na ndani yake mna kitu ambacho hakukipanda na ambacho kina mwenyewe.

Neno hilo, kina mwenyewe, ndilo linalotunyima usingizi. Kule Canada, mkulima Percy Schmeiser wa Saskatchewan aliweka akiba mbegu za shambani kwake zilizokuwa na kinasaba chenye hatimiliki ya kampuni ya Monsanto, akazipanda msimu uliofuata. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2004 kwamba amevunja haki ya kampuni, ingawa haikumtoza fidia. Yule alikuwa na shamba kubwa na mawakili. Mkulima wa Kigumba mwenye eka mbili atasimama mbele ya mahakama gani, kwa nauli gani?

Tena tuna kidonda chetu wenyewe. Mwaka juzi baadhi yetu tulichanga fedha tukanunua mbegu za mahindi zilizofungwa vizuri kwenye pakiti, zimepakwa rangi ya waridi kama mbegu halisi. Duka hatulitaji. Tulipanda eka sita. Siku ya kumi tulikwenda kutazama, tukakuta mche mmoja hapa, mwingine hatua saba mbele. Tulipolowesha zilizobaki kwenye beseni, maji yakawa mekundu na punje zikabaki nyeupe: mahindi ya kawaida ya kusaga, yaliyopakwa rangi. Kina mama waliokopa fedha za akiba ya kikundi walilipa deni hilo kwa kuuza kuku, na mmoja aliuza mbuzi aliyekuwa ametengwa kwa karo. Hakuna aliyefidiwa. Sasa, Mheshimiwa, ikiwa rangi inayotoka kwa maji ya beseni ilipita mpaka ikafika kwetu bila kukaguliwa, kinasaba ambacho jicho haliwezi kukiona atakikagua nani?

Wanaotuambia tuwaige wengine tunawaomba watazame pia Burkina Faso. Walipanda pamba ya GMO kuanzia mwaka 2008. Wadudu walipungua kweli, lakini nyuzi zikawa fupi, na pamba iliyokuwa ikisifiwa kwa ubora ikapoteza bei, mpaka kampuni za pamba zikaanza kuiacha na kurudi kwenye mbegu za zamani. Sisi tunajua maana ya soko kukuponyoka. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, bei ilianguka hapa Kigumba ndani ya siku chache, na magunia yakalala barazani.

Tunaulizwa, basi njaa na magonjwa mtayashinda kwa kitu gani? Tunajibu kwa kilichokwisha kufanyika humu humu Uganda. Muhogo wetu uliharibiwa na michirizi kahawia. Jani linaonekana zima, unang'oa ukifurahi, ukikata unakuta ndani pameoza rangi ya kahawia na hata nguruwe anakataa. Watafiti wa kituo cha Namulonge walitupa NASE 14 na NAROCASS 1, aina za muhogo zilizopatikana kwa kuchavusha aina na aina kwa njia ya kawaida, bila GMO, nazo zinastahimili. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A vimepatikana kwa njia hiyo hiyo, na Mganda mwenzetu Dakta Robert Mwanga alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Hata mnyauko wa migomba, waliofuata maelekezo kwa pamoja, kijiji kizima, wakivunja ua dume kwa mti wenye panda na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, waliokoa mashamba yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sheria ya vinasaba ikirudi tena Bungeni tunakuomba usikubali kifungu cha fidia kiondolewe. Mbegu yako ikiniharibia shamba, ulipe. Tunaomba pia iandikwe bila kigugumizi kwamba mkulima ana haki ya kutunza, kupanda tena na kubadilishana mbegu zake, na kwamba hakuna jaribio litakalofanyika karibu na mashamba ya watu kabla kijiji hakijaitwa na kuelezwa kwa lugha wanayoielewa. Fedha za utafiti zinapogawanywa, kazi kama zile za Namulonge zisiachwe na makombo.

Kwa upande wetu, stoo ya mbegu imefika usawa wa lenta. Tofali tumefyatua wenyewe. Tumepungukiwa bati 40, misumari na mlango wa chuma, na tutashukuru kwa chochote utakachoweza.

Kabla hujasimama kutujibu, mwenyekiti wetu atakukabidhi kibuyu. Ndani mna maharage ya madoadoa yaliyochanganywa na majivu, kikombe kimoja kamili. Yapepete, yapande mvua za kwanza, na kwa utaratibu wa kikundi unadaiwa vikombe viwili baada ya mavuno. Tutakuandikia barua nyingine kuja kuvichukua.

Karibu sana, Mheshimiwa.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.