YAH: MALALAMIKO KUHUSU SUMU YA KIPINDUPINDU ILIYOLETWA NA LEBO ISIYO YAKE

Maabara ya Seli,
Mwanza.

Meneja Mauzo,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tuliagiza kwenu sumu ya kipindupindu ya aina mbili: ya asili, na iliyobadilishwa nafasi ya 112 ya kipande A, ambapo asidi ya glutamiki huondolewa ikawekwa laisini (zote mbili ni asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini). Kichupa cha pili kina lebo hiyo. Kilichomo sicho.

Sumu hii ina vipande sita. Vitano vya B hung'ang'ania mafuta ya GM1 juu ya seli. A ndicho huingia ndani na kuilazimisha seli itengeneze cAMP, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, bila kukoma, na mgonjwa akaharisha maji hadi akakauka. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria hatuhadithiwi. Glutamiki ya 112 ndiyo jino la A. Ikitolewa, sumu bado hushika seli, bado huingia, ila haiumi.

Kwa hiyo seli zetu za CHO, za ovari ya hamsta zinazokuzwa maabara, zilipaswa kutulia. Kulipokucha tulizikuta zimerefuka, nyembamba kama dagaa, sawasawa na zilizopewa sumu ya asili. Tulijishuku wenyewe kwanza. Tukafungua chupa mpya ya chakula cha seli, tukarudia mara tatu. Hali ikawa ileile. Kipande B peke yake hakikufanya lolote. Tulipochemsha sehemu ya sampuli yenu, athari ikaisha. Basi msituambie ni uchafu wa endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria, maana hiyo huvumilia kuchemshwa.

Aliyepokea simu yetu alijibu kwamba asidi amino moja kati ya 240 haiwezi kuleta tofauti. Jibu hilo limeniuma kuliko hasara. Sumu ya dondakoo huisha makali kwa badiliko moja tu, glisini ya 52 kuwa glutamiki, na protini hiyo, CRM197, imo katika chanjo za nimonia wanazochomwa watoto. Badiliko hilo moja ndilo tulilolipia!

Zaidi ya yote, mwanafunzi wetu alikuwa akifungua kichupa hicho kila siku akiamini kwamba hakina madhara.

Tunataka kichupa kipya chenye cheti cha mpangilio wa jeni, gharama za majaribio yaliyoharibika, na wateja wote waliouziwa toleo hilo wajulishwe wiki hii. Kichupa chenu tumekifunga kwenye friza, kinasubiri mje kukichukua.

Wenu katika kazi,

Mtafiti Msimamizi