Vitabu vya likizo, vya watoto na vyako mwenyewe

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Meseji yako nimeipata na nimecheka peke yangu, eti huko Muscat joto limepita 40, watoto hawatoki mpaka magharibi, kutwa AC na simu, na wewe sasa unataka vitabu vya kuwafunza Kiswahili kidogo. Nakwambia mapema, ukitafuta vitabu vya kufunza ushapotea njia, maana vile vinavyomalizikia na "tangu siku hiyo akawa mtoto mwema" hata mimi mtu mzima vinanilaza, sembuse huyo mdogo wako. Mimi kipimo changu ni kimoja tu, kama mama mtu hakioni kitamu basi mtoto asipewe.

Anza na "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert. Najua utasema aaah, si kile cha skuli kile. Kirudie shoga, sie tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu tukitafuta dhamira na maudhui, hadithi yenyewe ikatupita. Liwali mwema anasifiwa na kila mtu, mjumbe wa mfalme kaja kukusanya kodi kalala kwake, usiku anachungulia anamuona huyo huyo mwema kashika mjeledi anawachapa manyani wawili, na huku anachapa huku roho inamuuma, akimaliza anawabembeleza. Mwanangu alinizuia nisifunue ukurasa, "mama, anasikitika nini na yeye ndo anaepiga?" Nikamwambia tusome tutajua, lakini nilijikuta na mimi nalitaka jibu vile vile. Kilitoka 1952 na kifupi, hakichoshi. Tena asili ya kisa iko kwenye Alfu Lela Ulela, ila kule ni mbwa, huyu akafanya manyani, kwa hiyo muulize bibi yao huko pengine anaijua kwa Kiarabu, wacha wabishane. Kiswahili chake kimevaa kanzu ya Idi kidogo, wasomee wewe kwa sauti, pale kinapozidi ruka, hakuna polisi.

Halafu kuna "Mwana Mdogo wa Mfalme", kile cha Mfaransa Saint-Exupéry cha 1943, Mkuki na Nyota wamekitoa kwa Kiswahili. Mwanzo tu kuna mchoro, mtoto kachora chatu kameza tembo, watu wazima wote wakiuangalia wanaona kofia. Nilimuonesha baba watoto nikamziba maneno, akasema kofia. Sasa huyo mwana wa mfalme anakaa kwenye sayari ndogo kama nyumba hivi, na adui yake mkubwa ni mibuyu! Kila asubuhi lazima aing'oe ikiwa bado michanga la sivyo itaipasua sayari. Hapo kwangu pakazuka ugomvi maana watoto wa Unguja mbuyu kwao ni ubuyu wa rangi nyekundu wa kununua nje ya skuli, wanataka kujua kwa nini asiiache izae akauza. Lakini wewe soma yule bwana anaehesabu nyota, anaziandika kwenye karatasi, anafungia kwenye mtoto wa meza, basi keshajiona tajiri wa nyota. Nikamkumbuka mtu fulani wa viwanja, unamjua. Watoto hapo wanapita tu, mimi nilikaa.

Kwa vile wako wanasoma skuli ya Kiingereza watafutie na "Charlotte's Web" ya E.B. White, ya 1952. Usishtuke, shujaa ni nguruwe, lakini anaemuokoa ni buibui, anaandika maneno kwenye utando wake ili watu waone ajabu wasimchinje rafiki yake. Na buibui kwetu ana heshima yake tangu lile pango la Thaur alimojificha Mtume, kwa hiyo mama mkwe akinuna una la kumwambia. Ukifika karibu na mwisho wape watoto wasome wenyewe, wewe nenda jikoni, maana sauti itakukwama. Mimi nilisingizia kitunguu.

Matilda wa Roald Dahl washamuona kwenye sinema bila shaka. Ulikuwa unajua kama huyo mzee alifanya kazi Dar es Salaam na kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya vita, kuanzia 1938, na Kiswahili akajifunza? Kaandika mwenyewe kwenye "Going Solo", si riwaya, ni maisha yake, mna kisa cha simba kambeba mke wa mpishi mdomoni anaondoka nae, watu wanamkimbilia na kelele, simba akamtua chini na mwanamke hana hata mkwaruzo. Ukweli wake upo na chumvi yake ipo, lakini huyo mkubwa wako anaedai vitabu ni vya watoto wadogo mpe hicho uone.

Huyo mkubwa tena, mpe "Siku Njema" ya Ken Walibora, inaanzia Tanga mama mtu muimbaji taarabu, na mtoto anakuja kufunga safari ya kumtafuta baba yake Kenya huko. Na mpe Bwana Msa! "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla, maiti mzimuni, watu wanasema mashetani, Bwana Msa na kiko chake anasema hebu tuangalie vizuri. Mashamba yetu, maneno yetu, ataona kumbe upelelezi si lazima London.

Wewe, wakilala, soma "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi kaozwa mdogo kwa mwenye duka mtu mzima, anakimbia, anakuja kumpenda Denge anaesakwa na polisi wa Muingereza. Filamu yake ya 2021 nzuri ila kitabu kina Mwajuma, shoga yake Yasmin, zaidi, na Mwajuma ndo utamu wenyewe. Hicho mkubwa asikiguse mwaka huu, mna baa na mambo mengine. Ukitaka cha taratibu kuna "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah aliyofasiri Ida Hadjivayanis, ila inahuzunisha, usianze nayo.

Vya Kiswahili vingi nnavyo hapa, vilivyobaki ntamuagiza mtu wa Dar apitie duka la vitabu la TPH pale Samora. Shemeji akija mwezi ujao aache nafasi kwenye begi, asijaze karafuu na achari tu. Na Bwana Msa wangu namtaka arudi, wewe nakujua.

Nisalimie bibi mkubwa na watoto.

Shoga yako wa Unguja