Kuhusu zile “kuni zinazotembea” mtoni

Njoro, Nakuru
14 Juni

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya Mau. Eti wanafunzi wako wameona kuni zinazotembea chini ya maji ya Mto Isiukhu! Nimecheka hadi mama akaja kuuliza kuna nini.

Waambie si uchawi. Hao ni mabuu wa trikoptera, wadudu ambao wakikomaa hufanana na nondo, ila mabawa yao yana vinyweleo badala ya ule unga. Usiku huvutwa na taa, kwa hiyo huenda umeshawafagia barazani.

Buu hutoa hariri mdomoni, nayo hunata hata ndani ya maji. Huigandisha na vijiti, majani au mchanga, akapata ala ya kuishi ndani yake. Kichwa na miguu huwa nje. Kiwiliwili hakitulii humo ndani, hukipunga ili maji mapya yapite kwenye matamvua anayopumulia.

Wengine hawabebi nyumba. Geuza mawe pale maji yanapokimbia na kutoa povu, utaona vitando vidogo vilivyotegwa kama nyavu za wavuvi wa Dunga kule Kisumu, vinywa vikielekea maji yanakotoka. Mwenyewe hujibanza kando, akala kinachonaswa: mwani, taka za majani, hata wadudu wadogo. Na jirani akija kumpora wavu, baadhi yao husugua mguu kichwani wakatoa sauti ya kumtisha. Ugomvi wa mashamba haukuanza kwetu!

Sasa hilo swali lako, kama kuwaona kunamaanisha maji ni safi. Polepole hapo. Wenye nyavu wengine huvumilia uchafu kiasi, na pale ng'ombe wanapochafua mto, chembe za chakula huongezeka na wao wakashiba. Wanaokula majani yaliyoanguka ndio wa kuwaangalia zaidi, maana hutegemea miti ya kingoni. Ukikata miti ya kienyeji ukapanda mikaratusi, majani yake ni magumu na yana mafuta, chakula kibovu kwao. Tope la mashambani nalo huziba nafasi za katikati ya mawe.

Kwa hivyo watoto wasinywe hayo maji kwa kumwamini mdudu. Waandike ni buu wa aina gani, ala yake imejengwa kwa nini, na kando ya mto kuna miti gani. Mawe wayarudishe walivyoyakuta.

Nikija Agosti tupande hadi ndani ya msitu wa Kakamega, tulinganishe na hapo mjini. Gambuti zako zitafute mapema, zangu sikuazimi.

Wako,
Chebet