Kabla hujaenda Bahi

Kisasa, Dodoma

Mpendwa Ashura,

Habari za Morogoro, na mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku wazima, ila joto limetuchosha na mvua bado inatuzungusha. Watoto wanakusalimia sana, wanauliza utakuja lini.

Fomu ya ridhaa na dodoso la utafiti wa tasnifu yako nimevipata na nimevisoma vyote, hadi viambatisho. Nimefurahi kwamba kamati ya maadili imekupa kibali, na kwamba umechagua vijiji vya Bahi na upungufu wa damu kwa wajawazito. Ni kazi ya maana, na hao kina mama wanaihitaji. Uliniomba nikwambie kama lugha ya fomu inaeleweka. Inaeleweka vizuri. Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine, ndiyo maana nimeona nikuandikie barua nzima badala ya ujumbe wa simu.

Ukurasa wa kwanza umeandika: "Una hiari ya kushiriki au kutoshiriki." Kila fomu inayo sentensi hiyo. Sasa hebu ifuate barua yako ya utambulisho inavyosafiri. Inatoka chuoni na mhuri, inafika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia nyingine ya wilayani. Halmashauri nayo inamwandikia mtendaji wa kata, mtendaji wa kata anampigia simu mtendaji wa kijiji, huyo anamwita mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti anawatuma mabalozi. Huko juu barua inasema "apewe ushirikiano". Ikifika kwa mama mwenye mimba ya miezi saba, imeshageuka kuwa: kesho saa mbili wajawazito wote zahanati, kuna wageni wa serikali. Wewe ndiyo unafika na karatasi yako kumwambia ana hiari. Hiari ipi tena, na ameshaitwa?

Sisemi uruke ngazi hata moja, wala usithubutu. Unakumbuka yaliyotokea Iringa Mvumi, hapa Chamwino, Oktoba 2016. Watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikuja kuchukua sampuli za udongo. Udongo, Ashura, wala si damu. Wakadhaniwa ni wanyonya damu, yowe likapigwa, wote watatu wakauawa. Hofu ya mumiani katika nchi hii ni ya zamani kuliko mama zetu, na wewe unakwenda kuwachoma watu vidole kweli. Kwa hiyo pita ofisi zote, saini kila daftari la wageni, kisha omba mkutano wa kijiji. Simama mbele yao, wape ile sindano waishike, waonyeshe kipimo, waambie unachukua matone mangapi, damu inakwenda wapi na inateketezwa lini. Waache wazee wakuulize mpaka wachoke. Hapo utakuwa umepata ruhusa ya kuingia kijijini, basi. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja bado hujaipata hata moja, na mkutano hauwezi kukupa.

Ninachokuomba kwa barua hii yote ni kimoja: umrahisishie mtu kukukatalia. Kukubali kijiji kizima kimeshasaidiwa na barua zako. Anayehitaji msaada wako ni yule anayetaka kusema hapana.

Kuna timu moja niliwahi kuisimamia huko Chamwino, kazi yangu ikiwa kukagua ubora wa takwimu. Tulifika kaya moja, baba amekaa kwenye kigoda chini ya mkwaju, mama yuko jikoni. Kijana wetu akamwita mama, akafungua kishikwambi na kuanza kusoma fomu kwa ile kasi ya mtu aliyepewa kaya nane kwa siku. Hajafika nusu, baba akasema, "Andika tu, huyu hana shida." Mama akanyoosha kidole gumba kwenye kidau cha wino, macho yake yako kwenye sufuria. Nikaomba tusimame kidogo. Nikamfuata jikoni peke yangu, nikachuchumaa, nikamuuliza anafikiri tumekuja kwa ajili gani. Akasema, "Si vyandarua?" Nikamweleza upya, polepole, yale yasiyoingia kwa Kiswahili akanisaidia dada wa jirani kwa Kigogo. Alipoelewa akasema hataki kuchomwa, wiki iliyopita alichomwa kliniki akapata kizunguzungu. Alisema hataki kwa sauti ya kawaida kabisa, akarudi kukoroga mlenda wake. Tukamshukuru, tukaaga. Yule mama hakuwa mtu wa woga. Alikuwa hajaulizwa tu.

Kwa hiyo, kwenye utaratibu wako ongeza haya. Kila mama aelezwe akiwa peke yake, mume na mwenyekiti wakae mbali kidogo. Ukimaliza kueleza, mwombe akusimulie yeye ameelewa nini. Akishindwa, ujue wewe ndiye hukueleza. Asiyejua kusoma awe na shahidi aliyemchagua mwenyewe, siyo mhudumu mliyekuja naye. Na tafadhali muuguzi wa zahanati asiwe ndiye anayeomba ridhaa. Huyo ndiye atakayempokea mtoto wake. Mama gani atamkatalia mtu anayeshika kadi yake ya kliniki? Mwambie waziwazi, kabla hajauliza, kwamba akikataa huduma yake haipungui hata chembe. Ukiweza, mweleze leo na uchukue jibu kesho. Usiku mmoja unatosha mtu kuzungumza na mama yake.

Halafu kuna hili dogo ambalo hakuna fomu inayoliandika. Jioni mtendaji atakuja, kwa nia njema tu, akuulize nani hawajafika ili "awafuatilie". Usimpe majina. Orodha ya waliokataa ni siri kama majibu ya damu yenyewe. Na mimi, siku nikisoma tasnifu inayojisifu kwamba washiriki walikubali kwa asilimia 100, naanza kuwa na mashaka na kila kilichofuata.

Tuskegee uliisoma darasani, najua. Mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600 wa kaunti ya Macon, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, walifuatiliwa na idara ya afya ya serikali ya Marekani ili ionekane ugonjwa usiotibiwa unamfikisha mtu wapi. Wao waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende miaka ya 1940, hawakupewa. Tunavyofundishwa, kisa kile ni cha watu wakatili, na ukatili ulikuwepo. Lakini ninalolifikiria mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeburutwa. Walikuja kwa miguu yao kwa sababu ya usafiri wa bure, chakula siku ya vipimo, ahadi ya gharama za mazishi, na muuguzi mwenyeji waliyemwamini. Kanuni za Nuremberg zilitoka mwaka 1947 baada ya kesi ya madaktari wa Wanazi, na ya kwanza kabisa inasema ridhaa ya hiari ni lazima. Utafiti ukaendelea. Azimio la Helsinki, la madaktari wa dunia kuhusu maadili ya utafiti, likatoka mwaka 1964, utafiti ukaendelea miaka mingine minane, hadi habari ilipofika magazetini. Maandishi mazuri yalikuwepo, na watu wakawa wanakufa.

Hilo linanileta kwenye bajeti yako. Umeandika shilingi 10,000 kwa kila mshiriki na kwamba utaanza Februari. Februari ndiyo miezi ya njaa huku, unajua mwenyewe. Chakula cha mwaka jana kimekwisha na kipya kiko shambani. Pesa ileile ambayo Julai ni asante, Februari ni unga wa watoto. Mama ataichukua hata kama sindano anaiogopa kufa, na hutaweza kusema alikubali kwa hiari. Isitoshe, Bahi ni mpunga, na mwezi huo wanawake wako majarubani; kumwita mtu zahanati ni kumla siku yake. Kama msimamizi wako anakubali, sogeza mbele, uanze baada ya mavuno. Kama hakubali, basi mpe kila mama nauli na kitu cha kufidia muda wake, kilekile kwa wote, na atakayeacha katikati apewe sawasawa na aliyemaliza. Wala usiende upande wa pili ukawapa kipande cha sabuni kwa nusu siku nzima. Hiyo nayo ni dharau.

Sasa jambo lililonishtua. Nimetafuta kwenye utaratibu wako wote na sijaona utafanya nini ukimkuta mama mwenye himoglobini, yaani kiwango cha damu, chini ya 7. Huo ni upungufu mkali, Ashura, mama anaweza kufa akijifungua. Huwezi kuandika namba kwenye kishikwambi, ukasema asante mama, ukaenda nyumba ya pili. Zungumza mapema na kituo cha afya kitakachompokea, weka fedha ya usafiri kwenye bajeti, andika jina na cheo cha atakayepigiwa simu. Na kila mama apewe majibu yake palepale, kwa faragha, kwa maneno anayoyaelewa, hata kama yako vizuri. Watu wengi watakuja wakiamini wewe ni daktari na hiki ni kipimo cha kliniki. Usiwaache na imani hiyo kwa sababu inakusaidia kupata idadi.

Wasichana ndio watakaokutesa zaidi. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kamati itakudai ridhaa ya mzazi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Lakini utamkuta binti wa miaka 16 mwenye mimba ambayo nyumbani hawajaijua. Ukienda kumwomba baba yake saini, umeshaitangaza. Na akiwa mwanafunzi ni mazito zaidi, kwani tangu mwaka 2016 sheria inampa anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Dodoso lenye jina, umri na shule ya binti huyo likionekana ofisini kwa mtendaji, umefungua kesi ambayo yeye hakuiomba. Usiamue haya ukiwa chini ya mwembe na vijana wako wanakusubiri. Rudi kwenye kamati sasa, waulize watakuruhusu nini, na kama jibu ni kuwaacha walio chini ya miaka 18 nje ya utafiti, uandike hivyo na sababu yake.

Kuhusu siri, mengine unayajua. Namba badala ya majina, ufunguo wa majina ukae kwako tu. Ila waambie vijana wako mapema kwamba hakuna picha za washiriki kwenye kundi la WhatsApp, hata za kuonyesha "kazi inaendelea". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Pia angalia nukuu zako. Ukiandika "mwalimu wa kike, mjamzito, kijiji fulani", kijiji chenye mwalimu wa kike mmoja hakihitaji jina.

La mwisho ni mrejesho. Malalamiko ninayoyasikia kila kijiji ni hayohayo: mlikuja, mkatupima, mkapotea. Kongwa pale watu walishirikiana na watafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, kwa miaka mingi, na utafiti wa miaka ya 1990 wa kuwahimiza wazazi kuwanawisha watoto nyuso ulikuwa sehemu ya ushahidi ambao dunia inautumia hadi leo kupambana na ugonjwa huo. Bibi aliyemnawisha mjukuu wake kwa ndoo moja ya maji aliyoyafuata mbali, sidhani kama kuna aliyerudi kumwambia alichoisaidia dunia. Wewe weka siku mbili mwishoni za kurudi na matokeo kwenye mkutano uleule wa kijiji. Kabla ya kujaza tasnifu, siyo baada ya mahafali.

Fomu nimeirekebisha kwa wino mwekundu, ukurasa wa 2 na wa 4 ndio wenye kazi kubwa. Nitakutumia picha zake leo usiku nikipata bando. Ukipanga kuja, panda treni ya asubuhi unijulishe siku moja kabla, nitakuja kukupokea stesheni, tukae jioni nzima na dodoso lako. Kuna muuguzi mstaafu anayekaa Bahi nataka umwone kabla hujamwona mtendaji yeyote. Anaongea Kigogo cha ndani na kina mama wanamheshimu. Nimeshamdokeza, anakusubiri.

Msalimie mama sana.

Ni mimi mwenzako,
Mama Deo