Umekuja kununua dawa ya goti, presha inaingiaje?

Wiki iliyopita kaka mmoja alitoka hapa kwenye duka letu la dawa amenuna. Alikuja kumchukulia mama yake dawa ya maumivu, diklofenaki (diklo), vidonge 20. Binti wetu wa kaunta akamuuliza kama mama anatumia dawa za presha, akasema ndiyo, akaombwa asubiri kidogo. Nikatoka nyuma na maswali yangu: dawa zipi, anazo tangu lini, miguu inavimba, mkojo unatoka kama kawaida? Mwisho akaondoka na parasetamoli na diklo ya kupaka. Jioni ujumbe ukaingia: "Nimekuja na hela yangu mmenigeuza mwanafunzi. Duka la pili nimepewa bila swali, tena bei chee."

Si wa kwanza. Kila mwezi hatukosi wawili watatu wa namna hii, na hapa Ngamiani, Tanga, habari haichelewi kufika barabara ya pili. Basi nawajibu wote kwa mpigo.

Nianze na bei, maana ndiyo inayouma. Kupima presha kwetu ni shilingi 1,000, na kuna wanaopima bure. Hiyo ya bure naijua. Mtu ametoka juani, amesimama, anavishwa mkanda juu ya shati huku anasimulia mpira, namba ikitoka anaambiwa "iko juu, anza dawa." Kwetu unakaa dakika 5 kwanza. Mgongo unaegemea kiti, miguu miwili chini bila kupishana, mkono mtupu umelala mezani usawa wa moyo, na mazungumzo tunayaweka kando. Kama umebanwa na mkojo, choo kiko uani, nenda kwanza. Kama umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, tunasubiri nusu saa ipite. Tunapima mara mbili, tukipumzika dakika moja katikati, na namba zikipishana sana tunapima ya tatu. Kisha tunakuandikia kwenye kadi, uwe na cha kumwonyesha daktari.

Tena tuna mikanda miwili. Ule mpana niliununua peke yake, na haukuwa wa bei ndogo. Kuna dereva wa lori, mkono wake kama paja langu, alikuja hapa kununua amlodipini, dawa ya presha, kwa sababu amepimwa mahali akaambiwa presha imepanda. Kwa mkanda wa kawaida alisoma 152, kwa mkanda mpana 136. Mkanda ukibana mkono mnene, mashine inadanganya kwenda juu. Nilimwambia arudi asubuhi tatu mfululizo, na mara zote hakufika 140, pale presha inapohesabiwa imepanda. Angemeza vidonge miezi na miezi kwa ajili ya mkanda tu.

Sasa goti, ila tupitie kwenye figo kwanza.

Figo moja ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa, na damu ili ichujwe inahitaji msukumo wa kiasi. Presha ikikaa juu miaka, msukumo unazidi, vichujio vinakomaa na kuziba kimoja kimoja, protini inaanza kuvuja kwenye mkojo. Hapo huumwi popote. Figo zikichoka zinashindwa kutoa chumvi na maji, presha inapanda zaidi, na moyo unasukuma dhidi ya mlima. Msuli wake unanenepa kama mkono wa mbeba mizigo, ila huu ukinenepa unakuwa mgumu, hautanuki vizuri kupokea damu. Ndiyo unasikia mtu anapandisha ngazi tatu anahema, au usiku hawezi kulala bila mito miwili.

Diklo inaingia hapo. Inabana ule mshipa wa kuingiza damu kwenye kichujio, tena inaufanya mwili ushike chumvi na maji. Ibuprofeni ni ndugu yake, meloksikamu na piroksikamu vilevile. Kwa kijana mzima aliyeumia mpirani, siku tatu nne si neno. Kwa mtu wa presha anayemeza kila siku, dawa ya goti inapigana na dawa ya presha. Anarudi kliniki presha haishuki, daktari hajui habari ya diklo, anaongeza dawa ya pili. Sasa unanunua tatu, na goti bado linauma.

Mama mmoja muuza vitumbua nitamkumbuka daima. Alikuwa na amlodipini na losartani, zote dawa za presha, za hospitali. Amlodipini ikamvimbisha vifundo vya miguu, jambo ambalo hutokea: inalegeza mishipa midogo, maji yanavuja kwenye nyama. Maji hayo hayajazidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoa haiyapunguzi sana. Lakini shoga yake akamwambia, "Mwenzangu, kanunue Lasix." Ndiyo hiyo dawa ya kukojoa. Akanunua. Kukaa kwenye kigoda alfajiri kukamuumiza magoti, akaongeza diklo asubuhi na jioni. Ikaingia Ramadhani, na joto letu hili, kutwa hajagusa maji.

Alifika hapa na mfuko wa rambo, akaumwaga wote juu ya kaunta. "Dokta, nipe ya nguvu, nimechoka sana." (Mimi mfamasia, lakini hapa mtaani kila mwenye koti jeupe ni dokta.) Nikamuuliza mkojo. Akafikiri, akahesabu kwa vidole: tangu juzi, mara tatu.

Fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Diklo imebana koki ya kuingiza. Losartani imelegeza koki ya kutoa, na hiyo ndiyo kazi yake nzuri, inapunguzia kichujio mzigo. Lasix na saumu vimekausha tangi. Bombani kitatoka nini? Sikumuuzia hata kidonge kimoja, nilimwitia bajaji aende hospitali ya Bombo. Kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, ilikuwa juu. Wakasimamisha diklo na Lasix, wakamwekea maji, na baada ya wiki kadhaa vipimo vikashuka. Siku hizi anapika vitumbua amekaa kwenye kiti kirefu.

Tafadhali mtu asisome hapa akaacha losartani. Hiyo inazilinda figo, alimradi daktari anapima damu yako mara kwa mara. Na mguu ukivimba usijitibu, maana huenda ni amlodipini, huenda ni moyo au figo zenyewe.

Wapo wasiobahatika. Fundi cherehani mmoja alikuwa akija kwangu kununua dawa ya presha kila kichwa kinapogonga: "Nikatie vitano." Kichwa kikitulia, dawa inaishia hapo hadi miezi miwili. Nilimsema, tukakosana, akahamia duka jingine. Leo figo hazifanyi kazi, anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kila mara analala kitandani kwa muda wa karibu saa 4, na cherehani ameshauza.

Kwa hiyo ukituambia tunatafuta hela, nakuomba ufikiri kidogo: anayetaka kukuibia hakunyimi dawa uliyoitaka mwenyewe. Kama una presha au kisukari tutakuambia ukapime kreatinini na protini ya mkojo, angalau mara moja kwa mwaka. Sisi hatupimi hivyo, na hatupati senti kwa anayepima. Nenda hospitali unayoiamini, majibu njoo nayo.

Ukija kwa dawa yoyote ya maumivu, njoo na mfuko wako wote, hata zile za kupewa na jirani, hata za mitishamba. Tunaumwaga kaunta, tunatazama moja moja. Hilo hatutozi. Asubuhi kabla ya saa 3 foleni huwa fupi, na yule kaka, kama anasoma, diklo ya kupaka ya mama ikiisha asiongeze ya vidonge bila kuniuliza.